Kifungo cha Juu cha Sweta

Kwa Dada yangu nimpendaye,

Pokea salamu zangu zote, za moyoni na za mdomoni, kabla hujafika mahali utakapoamua kuikunja barua hii na kuifungia kwenye droo pamoja na mitihani ya wanafunzi wako. Natumaini goti limepoa na unapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Natumaini pia kwamba Shemeji amelitengeneza lile bomba la jikoni, na kama hajalitengeneza, basi angalau ameacha kuahidi. Wanangu hawajambo? Yule mkubwa bado anajibu watu kwa mabega? Na mdogo, jino la mbele limeshaota? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka, na kwamba nikija nataka nimwone akiuma kitu kigumu.

Mimi ni mzima kabisa. Uzima wenyewe umezidi, maana tangu wiki iliyopita sikai kitini nikatulia. Chai inapoa mbele yangu, naongea peke yangu kwenye ngazi, na jana nimemkumbatia mlinzi wa ofisini ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya habari za asubuhi. Maskini akanipa pole, akidhani nimefiwa. Sijafiwa, Dada. Nina habari njema, tena njema hasa, na inakuhusu wewe kuliko inavyonihusu mimi.

Ningekupigia simu, lakini simu yako kila siku inapokelewa na Shemeji, na Shemeji kila siku anasema uko bafuni. Mwambie kwa upendo kwamba hajui kudanganya. Hakuna mtu anayeoga kiasi hicho, labda samaki. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba jambo zito huandikwa, na ukitaka unaweza kunisahihisha kwa wino mwekundu pembeni, sitakasirika.

Niruhusu kwanza nirudi kwenye ule ugomvi wetu, maana bila huo hutaelewa kwa nini nimechanganyikiwa kwa furaha. Unakumbuka nilivyokuja kwako kula chakula cha jioni nikiwa nimevimba kwa sifa, nikatangaza kwamba nimeajiriwa kuwa mhariri wa filamu yetu, ile ile ya yule mama wa kiwanda cha nyuzi na binti yake, ambayo sasa inatengenezwa upya. Nilitegemea upige vigelegele. Wewe ukaweka kijiko chini taratibu, kama mtu aliyeona nywele kwenye sahani. Ukasema kama watu wanakipenda kitabu, wakisome. Kama wanaipenda filamu, waitazame. Na kama hawapendi chochote, wakalale. Ukasema kurudia filamu nzuri ni uvivu uliovaa suti, na kwamba watu wenye vichwa wangetafuta hadithi ambayo bado haijapata filamu, maana zipo tele, zimejaa kwenye rafu za shule yako zikila vumbi.

Nami kwa kiherehere changu nikakujibu kwamba hata hiyo filamu unayoiita kamili ni marudio. Ilichukua kitabu kinene, ikatupa nusu ya wajomba na mashangazi waliomo, ikaiweka nyumba mahali pengine, na hakuna aliyeandamana. Nikasema vijana hawataki kutazama picha iliyofifia yenye sauti inayokwaruza kama sufuria. Nilipofika kwenye sufuria ulikuwa umeshasimama, unakusanya sahani, na Shemeji bado alikuwa na mnofu kwenye yake. Niliuona ukienda. Halafu ukiwa jikoni, bila kugeuka, ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ile filamu ni ya Mama. Mkiigusa, usije tena kwangu."

Dada, niliondoka na neno hilo. Lakini sikuacha kazi. Nilijiambia umekasirika tu, utapoa.

Sasa sikiliza kisa. Kuna mengine hapa unayajua kuliko mimi, ila niache niyaeleze yote kwa utaratibu, maana utaona yanakoelekea. Nakumbuka asubuhi Mama alipoondoka kwenda hospitali. Nakosea, sikumbuki chochote, na hilo ndilo lililonila utoto mzima. Nilikuwa nimelala. Baba na wewe mlimtoa nje kimyakimya, naye akasema nisiamshwe. Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa, na hakurudi tena kukilalia. Kwa muda mrefu sana nilikuwa nikikuuliza kama aliniaga, nawe ulikuwa ukinijibu kwamba ulikuwa umekwenda kufunga mlango wa nje.

Miezi kadhaa baadaye filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni, na kwa kuwa kitabu kilikuwa kipenzi cha Mama, kile kilichokuwa kimetoka jalada, Baba akairekodi kwenye kanda kwa deki. Kisha likatokea lile balaa. Siku niliyoruhusiwa kuitazama, nimejikunja kwenye mkeka na mto wangu, filamu ikafika alfajiri ile ambayo yule mama anakwenda kazini mbali, akausogelea mlango wa chumba cha mtoto, na ghafla, pu! Mpira wa miguu. Wanaume wanakimbia kwenye majani, mtangazaji anapiga kelele. Halafu mpira ukakatika, mtoto akafumbua macho kitandani, filamu ikaendelea. Nililia. Wewe ukaniambia Baba amerekodi mpira juu yake kwa bahati mbaya, na Baba, aliyekuwa mezani kwake akitengeneza saa ya mtu, akakohoa na kuomba radhi bila kuinua kichwa.

Hapo ndipo ulipozima sauti, ukasimama mbele ya wale wachezaji, ukaniambia nisilie, wewe uliiona filamu kabla haijaharibika na utanionyesha kilichokuwepo. Ukajifunga khanga ya Mama. Ukanikalisha mkekani, ukanivisha sweta langu la kijani, ukaanza kunifunga vifungo kutoka chini, kimoja kimoja, polepole, kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote. Ulipofika cha juu ukakiacha. Ukasema, kwa sauti ya yule mama: "Hiki cha juu nakuachia ukifunge mwenyewe, ili siku ukiulizwa nani amekuvisha, useme mimi na mama." Kisha ukainama ukaninong'oneza jambo sikioni. Tangu siku hiyo, kila tulipoitazama kanda ile, na tuliitazama mpaka ikaanza kuchanika pembeni, mpira ulipoanza sote wawili tulisimama na kuigiza. Kwangu mimi filamu ilikuwa hivyo. Sikuwahi kuitafuta nakala nzima. Ya nini, na mimi nilikuwa nayo kamili kichwani?

Basi, mwezi uliopita tulikaa kusoma skripti, watu wote wa kazi, kuzunguka meza ndefu yenye chupa za maji na makaratasi. Mwongozaji wetu ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Sisi tunamwita Kamanda, naye anajua na anajifanya hajui. Skripti imeandikwa na kijana tunayemwita Miwani, kwa sababu anazo mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ya tatu. Miwani anakiabudu kitabu. Kila akibanwa anasema, kitabu kinasemaje, tukirudie kitabu. Yeye anataka hata wale wajomba waliotupwa warudishwe. Mpigapicha naye anaiabudu filamu ya zamani, anataka kila picha ipigwe palepale ilipopigwa. Kamanda anakaa katikati yao akizungusha kalamu. Siku hiyo alitufungukia kwamba hata yeye hajui bado kwa nini tunaifanya. Alisema rangi si sababu, sauti safi si sababu, na kama hatapata jambo ambalo kitabu hakikusema na filamu haikusema, na ambalo lilipaswa kusemwa, atamwambia mtayarishaji atafute mwongozaji mwingine. Dada, nilikusikia wewe kabisa katika maneno yale, tofauti yake ni kwamba hakukusanya sahani.

Tukaendelea kusoma. Tukafika alfajiri ile. Skripti ikatoka kwenye mama kufunga mzigo wake ikaruka moja kwa moja hadi mtoto anaamka. Mimi nikadakia, na unanijua nikidakia, nikauliza kwa sauti mbona wameliondoa onyesho la sweta. Wakanitazama. Nikasema jamani, onyesho la sweta, lile la vifungo, ndilo roho ya filamu! Nikaona maneno hayatoshi. Nikavua koti langu la ofisini, nikamvisha Miwani aliyekuwa karibu yangu, nikapiga magoti, nikamfunga vifungo kutoka chini kwenda juu, nikakiacha kile cha juu, nikasema maneno yote.

Miwani mwenyewe alikuwa na machozi kwenye miwani zote mbili. Fundi wa mavazi akajifuta uso kwa utepe wake wa kupimia. Kamanda akaacha kuzungusha kalamu.

Sasa ucheke, Dada. Hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyethubutu kusema hajawahi kuliona onyesho hilo. Watu wazima, wenye vyeti ukutani! Kamanda akamuuliza Miwani kwa nini amelitoa, na Miwani akaona haya kukiri, akasema alilitoa kwa sababu kwenye kitabu limekaa vingine. Mpigapicha akasema yeye analikumbuka vizuri, hasa mwanga wake, ulivyokuwa ukiingilia dirisha la kushoto. Dirisha la kushoto! Fundi wa mavazi akaondoka palepale kwenda kutafuta vifungo vinavyofanana na vile vya zamani. Kwa siku kadhaa onyesho likawa gumzo la ofisi nzima, kila mtu analikumbuka kuliko mwenzake, na mimi natembea kifua mbele.

Na ajabu ni kwamba lilikaa mahali pake sawasawa. Unakumbuka baadaye, pale mtoto anapomsubiri mama yake kwenye geti la kiwanda, kifungo cha juu cha sweta lake kiko wazi? Na mwisho kabisa, mama hajarudi wala hatarudi, mtoto ameanza kucheka na wenzake, kifungo kimefungwa? Wewe ulinieleza kwamba pale getini hajakifunga kwa sababu bado anasubiri, na mwisho anakifunga kwa sababu ameelewa. Niliwaeleza hivyo hivyo, Kamanda akapiga meza kwa kofi.

Halafu nakala safi ikaletwa kutoka kwenye hifadhi ya filamu. Tulijipanga kwenye chumba cha kutazamia, mapazia yameshushwa, mimi mstari wa mbele kama bibi harusi. Nilikuwa ninakwenda kuliona hatimaye, mimi mtu mzima, lile onyesho ambalo mpira ulinidhulumu. Yule mama akafunga mzigo. Akausogelea mlango. Akashika kitasa. Akausukuma kidogo, akamtazama mtoto amelala. Akamtazama sana. Kisha akaurudisha mlango, akaondoka zake. Barabara tupu, mgongo wake, basi. Mtoto akaamka na nyumba imenyamaza.

Hakuna sweta. Hakuna vifungo. Hakumuaga.

Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Nyuma yangu mpigapicha alikohoa kikohozi cha mtu anayelifikiria dirisha lake la kushoto. Miwani akafungua kitabu haraka haraka kwenye mwanga wa simu, na kwenye kitabu napo hivyo hivyo, mama anaondoka bila neno, kwa sababu anajua akimwamsha mtoto hataweza kwenda. Kile kifungo cha getini kilikuwa kosa tu la watu wa mavazi wa enzi zile. Walisahau kukifunga siku hiyo, siku nyingine wakakumbuka. Taa zikawashwa. Kamanda akanigeukia, akaniuliza onyesho lile limeandikwa na nani. Nikamjibu kwamba lilitungwa na dada yangu, alipokuwa msichana wa shule, mbele ya mechi ya mpira. Nikasubiri anifukuze.

Akaanza kucheka, Dada. Alicheka mpaka akashika kiti. Halafu akaacha kucheka, akatuambia kwamba sababu aliyokuwa akiitafuta imepatikana. Alisema mwandishi wa kitabu alimwonea huruma yule mama, na aliyetengeneza filamu akamwonea huruma mama vilevile, na miaka yote hii hakuna aliyemgeukia mtoto isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa binti wa shule mwenye khanga kiunoni. Alisema bila onyesho lile haifanyi filamu hii, na bila ruhusa ya mwenyewe haligusi onyesho lile. Anataka jina lako liandikwe kwenye skrini, peke yake, herufi za kusomeka. Nilipiga ukelele kwenye chumba kile ambao nadhani mpaka leo uko kwenye kuta.

Ningeweza kuishia hapa, nawe ungekuwa na ya kutosha. Lakini jioni yake nilijiuliza swali dogo nikashindwa kulijibu. Uliniambia uliiona filamu kabla ya kuharibika. Kama uliiona, basi ulijua kwamba yule mama hakuaga.

Nikaitoa kanda yetu kwenye sanduku, nikaiweka kwenye deki kuukuu ya ofisini. Tangu nimekuwa mhariri sikuwa nimeitazama. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kukata na kuunga, na jicho la kazi halinyamazi hata ukiliomba. Nikatazama mpira unapoingia. Unaingia mkono wa mama unapogusa kitasa, si kabla, si baada. Mtangazaji anaanzia katikati ya neno. Nikatazama unapotoka. Unatoka kope za mtoto zinapoanza kufunguka. Dada, mtu anayesinzia na rimoti mkononi hakati hivyo. Mimi nalipwa mshahara kwa kukata hivyo, na siku nyingine nakosea.

Nikampigia Baba. Nilijidai namtania, nikamuuliza ile mechi aliyorekodi zilikuwa zinacheza timu gani. Baba akasema yeye na mpira wapi na wapi, ambayo ni kweli, maana mpaka leo anadhani golikipa ni refa aliyechoka. Nikamsikia anaweka chini kile kibisibisi chake cha saa. Akaniambia amelibeba kosa lile miaka yote kwa sababu aliombwa alibebe, na sasa amezeeka, haoni ubaya kulitua.

Alinieleza kwamba uliitazama kanda peke yako kabla yangu, ukaja kwenye meza yake umekunja ngumi, ukasema mtoto asione sehemu ile. Yeye akasema basi tuifiche kanda nzima. Ukakataa. Ulisema nastahili kuona kwamba yule mtoto mwishoni anacheka tena. Ukaazima saa yake ya mezani, ukaupima urefu wa onyesho lile, ukaurudia tena na tena, midomo inakwenda ukihesabu. Kisha ukangoja chochote kinachoonyeshwa kwenye televisheni, ikawa mpira, ukabonyeza. Baba anasema kidole chako hakikukosea. Kisha ukarudi mezani kwake ukamwomba jambo moja tu, aseme ni yeye.

Niliweka simu chini nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena, watu wa ofisi ya jirani wakaja kunichungulia. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye mhariri pekee katika ukoo huu. Kumbe ninafuata nyayo. Wewe uliyesimama jikoni ukasema isiguswe, ndiye uliyekuwa wa kwanza kuigusa. Uliikata filamu iliyotoka kwenye kitabu cha Mama, ukaipa onyesho jipya, ukaiwekea waigizaji wapya, ukaionyesha kwa mtazamaji mmoja kwenye mkeka. Uliirudia, Dada! Na uliirudia kwa sababu nzuri kuliko zote nilizokutajia siku ile nikiwa nimevimba. Nakubali sasa kwamba nyingine nyingi zinapaswa kuachwa zilivyo, na sufuria naifuta. Lakini pale ambapo mtoto hajaagwa, mtu aruhusiwe kurudi kumuaga. Nilikuwa nikikuuliza kama Mama aliniaga. Wewe hukuweza kusema ndiyo, hukutaka kusema hapana, ukanifunga sweta. Nakupenda kwa hilo, na nimechelewa sana kukuambia.

Sasa ombi langu, na nalisema wazi. Tunapiga onyesho lile Jumatatu ya wiki ijayo. Mtoto ameshapatikana, ana meno mapya makubwa kuliko mdomo. Sweta limeshafumwa, la kijani. Ukisema ndiyo, filamu ipo. Ukisema hapana, Kamanda ataondoka, na mimi nitaondoka naye, na sitakununia hata siku moja, maana onyesho ni lako, ulinitungia mimi, na una haki ya kuliacha libaki mkekani kwetu. Ila nijibu. Toka bafuni, Dada, unijibu.

Kuna jambo moja limebaki. Miwani aliniomba niliandike onyesho kama ninavyolikumbuka, nikaliandika lote, mkono kwa mkono, neno kwa neno, mpaka pale mama anapoinama kumnong'oneza mtoto. Hapo nilikwama. Kila siku ulininong'oneza kitu tofauti. Siku niliyopigwa shuleni ulisema hivi, siku niliyougua ulisema vile, siku nyingine ulinipulizia tu sikioni nikacheka mpaka nikaanguka. Sikuweza kuchagua, wala sikutaka kubuni la kwangu. Kwa hiyo mstari wa mwisho nimeuacha wazi. Nimefunga vyote kutoka chini, hicho cha juu nakuachia ukifunge mwenyewe, ili siku tukiulizwa nani amelitengeneza, tuseme mimi na dada.

Nisalimie Shemeji, umwambie namsamehe uongo wote na namwomba radhi kwa ule mnofu. Wabusu wanangu, mdogo kwenye pengo na mkubwa popote atakaporuhusu. Baba anakusalimu sana. Anasema mzigo aliokubebea ni mwepesi sasa, na kwamba ile saa ya mezani bado anayo, bado inakwenda, ukiitaka ni yako.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kelele zake unazijua,

Chiriku